Kibuyu cha Kogo na Filamu ya Litein

Jumapili moja mwaka huu nilitoka Kericho na gari letu dogo linalokohoa, nikaenda kumchukua Kogo kwa binti yake, mbele kidogo ya Longisa, nimpeleke Litein akaone filamu. Nilimkuta nje kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kipya kichwani, sweta ya kanisani imefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani. Kando yake walikuwa akina mama wawili wa kanisa lake, nao wamependeza. Sikuwa nimewaalika. Kogo alinishika mkono asiuachilie, kisha akawaonyesha wenzake kwa kidevu.

"Hawa wanakuja kuniona ndani ya picha," alisema. "Nimewaambia wakuje wajionee wenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshaiona ile filamu nyumbani kwa mdogo wangu, na Kogo hakuwa ndani.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukinisikiliza juujuu utadhani nalialia kwa sababu ya sinema. Kogo ni neno la Wakipsigis la nyanya, lakini huyu si nyanya yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu zamani, tulipokuwa tunaishi kwenye laini za shamba la chai. Mdogo wangu aliandika kitabu kuhusu maisha yale, jinsi baba alivyoacha milima ya Kisii, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi mtu akipiga chafya jirani anajibu, akaja kutafuta kazi Kericho, na sisi sote tukamfuata. Kitabu kilipendwa sana. Watu waliokulia kwenye laini kama zetu walikisoma wakalia, wakamtumia mdogo wangu ujumbe wa kumshukuru. Shule moja ya upili huko Sotik ikakigeuza kuwa mchezo wa jukwaani, na mwishowe kijana mmoja kutoka Nairobi akaja na kamera. Ndivyo nyanya yetu, aliyekuwa hapendi hata kupigwa picha, alivyoingia kwenye filamu.

Wewe ulikulia kwenye laini za chai? Zetu zilikuwa safu za nyumba za chumba kimoja na jiko, kuta nyeupe, mabati mekundu, zimepangwa kwenye mteremko katikati ya kijani kitupu. Alfajiri kengele ililia, kisha ukasikia milango, vikohozi, na mabuti ya mpira yakinyonywa na tope. Mama alitoka na kikapu mgongoni na aproni ngumu ya plastiki kiunoni, maana umande wa chai hauna huruma. Baba alikuwa kiwandani. Alirudi ananukia majani yaliyokaushwa, na mpaka leo nikifungua pakiti mpya ya chai namwona mlangoni anavua viatu.

Nyanya aliletwa kutoka Kisii atulee. Nasema aliletwa kwa sababu hakuja mwenyewe. Alifika na mkungu wa ndizi, jogoo mmoja, gunia la wimbi na uso wa mtu aliyeshushwa stendi isiyo yake. Alitupikia ugali mwekundu wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ya kwao, akaiacha ichemke na maziwa polepole mpaka uchungu ukapoa. Asubuhi zisizo na ukungu alipanda kwenye jiwe la kufulia akatazama mbali upande wa Kisii. Ukimuuliza anatafuta nini, alikwambia anaangalia kama moshi wa jiko lake bado unatoka. Jiko lenyewe alikuwa amelifunga kwa kufuli.

Na mchana ukigeuka tu, mvua. Mvua ya Kericho haipigi hodi. Tulikimbia kuanua nguo, tukakaa jikoni tukichoma mahindi, na nyanya akailaumu mvua ile kana kwamba ni mtoto wa jirani asiyefunzwa.

Jirani mwenyewe alikuwa Kogo. Shamba lake lilipakana na laini zetu, ua wa michongoma katikati, na ua ule ulikuwa na pengo ambalo ng'ombe hakuweza kupita lakini mtu aliweza akijikunja. Nyanya alikuwa hajamaliza juma la kwanza Kogo alipokuja pale penye pengo na kibuyu cha mursik, kumkaribisha mgeni. Kama wewe si wa huku, mursik ni maziwa yaliyoachwa yagande ndani ya kibuyu ambacho kuta zake zimesuguliwa kwa makaa ya mti maalumu. Yakimiminwa yana rangi ya kijivu, yana vijipunje vyeusi, na yananukia moshi. Kwa Wakipsigis hicho ni kinywaji cha heshima. Anapewa bibi harusi, anapewa mwanariadha aliyerudi na medali.

Nyanya alichungulia ndani ya kibuyu akaona weusi. Kwao, chombo cheusi ndani ni chombo cha mwanamke aliyelemewa na kazi. Akamhurumia jirani yake. Aliyamwaga yale maziwa, akachukua gunzi la mahindi, mchanga, maji ya moto na sabuni ya kipande, akakisugua kibuyu kile asubuhi nzima mpaka kikatoa rangi ya mbao mpya. Alikianika juani, akakijaza unga wa wimbi, kwa sababu alituambia kila siku kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, kisha akanituma nikipeleke. Alikuwa amefurahi sana. Aliona ametenda wema.

Kogo alikipokea akitabasamu, akamimina unga kwenye ungo, akaweka jicho kwenye mdomo wa kibuyu. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yake yalibadilika. Kibuyu kile alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na weusi ule ulikuwa umejengwa tangu mama yake alipokuwa msichana. Aliingia ndani, na siku nyingi hatukumwona kwenye ua.

Habari ilimfikia mama huko kwenye chai. Wanawake waliichekea mpaka vikapu vikatikisika migongoni. Mama alipomweleza nyanya jioni, nyanya aliketi chini palepale alipokuwa. Asubuhi alimkamata yule jogoo aliyekuja naye kutoka nyumbani, akajikunja akapita penye pengo, na mimi nyuma yake ili nitafsiri. Hakuna aliyenihitaji.

"Nimeosha kitu ya mama yako," nyanya alisema. "Mimi sikujua. Huko kwetu nyeusi ni uchafu."

Kogo alimtazama yeye, akamtazama jogoo.

"Ni sawa," akasema. "Hata mimi ile unga yako nilipatia kuku. Nilifikiri ni chakula ya kuku."

Halafu wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na jogoo akapata nafasi ya kutoroka.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kibuyu kilipita penye pengo. Kogo alitengeneza weusi upya, taratibu, makaa juu ya makaa. Lakini hapa ndipo penye shida, na ndiyo shida niliyoibeba mpaka Litein. Nyanya hakuweza kunywa mursik. Alijaribu mara moja, akameza, akakimbilia nyuma ya nyumba. Tumbo lilikataa kabisa. Sasa utamkatalia vipi mara ya pili mwanamke ambaye ulimuoshea kibuyu cha mama yake kwa sabuni? Basi alikipokea kwa mikono miwili, akasifu kwamba ya leo imeishinda ya juzi, na Kogo akigeuka tu, tuliitwa nyuma ya nyumba.

"Malizeni," alinong'ona. "Na mpanguse midomo."

Tulimaliza! Tuligombania hata matone ya mwisho. Mdogo wangu wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni, hakuonja wala hajui. Siri ilikuwa yetu sisi wakubwa, na tuliilinda kwa sababu tulijua ikitoka, mursik itakoma.

Nikikwambia ninachotamani kuliko vyote, si chakula wala utoto wenyewe. Natamani Jumamosi moja tu kwenye ua ule, niwasikie wakiongea. Nyanya hakujua Kikipsigis, Kogo hakujua Kikisii, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokota, huyu ameokota sokoni, yule kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe. Waliweza kusemezana mchana mzima.

"Ng'ombe yako inalia sana."

"Inalilia mtoto. Nimeuza mtoto yake."

"Wewe ni mbaya."

"Mimi ni mpaya, na wewe unakula sukari ya hiyo pesa."

Kisha siku nyingine Kogo akauliza, macho kwenye kazi yake, "Ukirudi kwenu utaniacha?"

"Kwetu iko wapi?" nyanya alijibu. "Shamba imeisha. Imebaki ya kuzikwa tu."

Nyumba ya laini ni ya kazi. Kazi ya baba ilipoisha, nyumba ilitakiwa na mwingine, na lori likaja asubuhi. Kogo alipita penye pengo na kibuyu, ingawa haikuwa Jumamosi. Nyanya alikuwa ameshapandishwa juu ya magodoro. Aliinama, akanyoosha mikono miwili, akakipokea. Kiswahili chao kilikuwa cha mahindi na ng'ombe na mvua, hakikuwa na maneno ya siku kama ile. Tulikunywa mursik ile sisi watoto kabla hatujafika Sotik, na nyanya alitazama pembeni akipangusa macho na ncha ya leso. Hakukaa sana. Alizikwa kwenye migomba yake huko Kisii, na Kogo alisikia wakati kaburi limeshaota nyasi.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipa kitabu chake nikafika mahali nyanya anakunywa mursik na kulamba midomo, nilimpigia simu papo hapo.

"Nyanya hakunywa," nikamwambia.

"Kwenye kitabu changu anakunywa," akanijibu.

Tulinuniana. Lakini nakiri kitabu kilimtendea Kogo haki: alipewa sura nzima, ua, pengo na ng'ombe wake. Shida ni kwamba Kogo hasomi, na binti yake alisema atamsomea, akawa anasema hivyo hivyo. Kule Sotik jukwaani, Kogo akawa kichekesho. Msichana mmoja alifungiwa mto nyuma ya sketi, akatembea akiyumba, akasema sentensi mbili, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka mwanzoni, halafu nikaona aibu nikakoma. Kwenye filamu aliondolewa kabisa. Nilimuuliza yule kijana wa Nairobi kwa nini, na sikuuliza kwa upole.

"Auntie, characters wamekuwa wengi," aliniambia. "Nyanya wawili kwa screen moja, watu watachanganyikiwa. Lakini ile gourd tumeiacha, iko poa sana kwa kamera."

Hebu fikiria. Kibuyu kilibaki, mwenye kibuyu akatoka.

Haya yote yalikuwa kifuani mwangu tulipopita Bomet, tukapita Sotik, wale akina mama wakiimba nyimbo za kanisa kiti cha nyuma. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie Kogo ukweli. Mara mbili aliniwahi na swali, wamemvalisha sweta gani kwenye picha, kama wameonyesha ng'ombe wake mwekundu. Nikafunga mdomo nikashika usukani.

Ukumbi wa Litein ulikuwa umejaa. Walikuwa wametundika shuka nyeupe mbele na blanketi kwenye madirisha, jenereta linanguruma nje. Tulipewa benchi la mbele kwa heshima ya Kogo. Filamu ilianza na milima ya chai, watu wakapiga makofi kana kwamba hawakuwa wametoka kwenye chai hiyo hiyo asubuhi. Akaingia nyanya. Mwigizaji wa kuvutia, mrefu, ngozi laini, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari.

"Huyo ni nani?" Kogo alininong'oneza.

"Ni nyanya."

"Mbona ni mrefu?"

Mmoja wa wale akina mama aliinama mbele. "Na wewe uko wapi?"

"Ngojeni," Kogo alisema. "Bado."

Tukangoja. Akapita mama, akapita baba, akapita nyapara, wakapita watoto wakikimbia kwenye chai. Kila mwanamke alipotokea mlangoni, Kogo alijinyoosha, kisha akarudi chini. "Ngojeni," aliwaambia tena, lakini sauti ilikuwa imepungua. Nilitamani benchi lipasuke tuanguke wote, yaishe.

Ndipo mvua ikaja. Ilikuwa saa yake. Ilianza kwa matone makubwa juu ya mabati, kisha ikamwagika, kisha ikawa ya mawe. Sauti ya filamu ilizama. Fundi aliongeza mpaka spika zikakwaruza, haikusaidia. Pale kwenye shuka nyanya alisimama mlangoni akitazama milima, midomo inachezacheza, hakuna anachosema. Watu walianza kuguna, na wengine wa nyuma wakasimama watoke, wakaikuta mvua mlangoni, wakarudi.

Kogo akasimama. Alisogea kando ya shuka, akageukia watu, na kwa sauti kubwa kuishinda mvua akasema, "Hii mvua ya huku haina adabu! Inaingia kwa mtu kama askari!"

Ilikuwa sauti ya nyanya. Si kwamba ilifanana nayo tu. Ule mvuto, lile guno la kuanzia, ule ukali usio na hasira. Nilikuwa sijaisikia tangu tulipomzika. Halafu Kogo akajijibu kwa sauti yake mwenyewe, "Nyamaza, hiyo ndio inanenepesha ng'ombe unakunywa chai yake." Ukumbi ukacheka. Waliosimama wakakaa. Kila midomo ya nyanya ilipocheza, Kogo aliitia maneno, na kila nyanya aliponyamaza, Kogo alimjibu. Walisemezana kuhusu ndama aliyeuzwa, kuhusu nyapara na kitambi chake, kuhusu unga waliokula kuku. Wazee waliokulia kwenye laini walipiga mapaja. Mimi nililia wazi, kamasi na yote, bila hata leso.

Kisha kikaja kibuyu. Kilikuwa kimepambwa kwa shanga za rangi zote.

"Hiyo ni ya kuuzia wazungu," Kogo alisema, watu wakacheka tena.

Nyanya wa kwenye shuka akakiinua kwa mikono miwili. Akanywa. Kamera ilikaa pale, ukaona koo likipanda na kushuka. Alikishusha, akabaki na weupe juu ya mdomo, akaulamba taratibu, akafumba macho.

Watu walingoja Kogo aseme kitu. Hakusema. Alisimama pale, mwanga wa filamu umempata upande mmoja wa uso, mkono mdomoni. Mvua tu ndiyo iliyokuwa ikisikika. Nilimwendea nikamshika, naye akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Amekunywa," alisema.

Filamu ilipoisha na blanketi zikaondolewa, wale akina mama walikuja wamekunja uso. Mmoja akamuuliza waziwazi, "Sasa Kogo, wewe ulikuwa wapi humo ndani?"

"Si mmenisikia?" akawajibu. "Mimi ndiye nilikuwa naongea."

Tulikaa kibarazani tukingoja maji yapungue barabarani. Mimi na yeye tu. Mawe ya mvua yalikuwa yanayeyuka kwenye nyasi. Nilijaribu kutafuta namna ya kuanza, lakini alinitangulia, bila kunitazama.

"Nilikuwa najua," alisema. "Ni nyinyi mlikuwa mnakunywa. Mlikuwa mnakuja kwangu na ndevu nyeusi hapa," akagusa juu ya mdomo wake, "mnaniambia nyanya amesema asante."

"Na uliendelea kuleta? Miaka yote ile?"

"Alikuwa anapokea na mikono mbili." Aliuvuta mkoba wake mapajani. "Na nilikuwa nasema, labda siku moja."

Nilitaka kumwambia kwamba yule ni mwigizaji tu, kwamba kwenye kibuyu kile huenda walitia yoghati ya dukani. Nashukuru sikusema. Alikuwa anajua. Alikuwa ameshaniambia kwamba nyanya hakuwa mrefu.

Siku iliyofuata nilipita pale laini zetu zilipokuwa. Hakuna nyumba hata moja. Wamepanda mikaratusi, na ng'ambo mashine inayokata chai ilikuwa inanguruma pale mama alipokuwa anaimba na wenzake. Ua wa michongoma umeng'olewa wote, kwa hiyo pengo nalo halipo. Nilisimama barabarani kama mpumbavu nikijaribu kukisia lilikuwa wapi, mpaka mtu wa bodaboda akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia ndiyo, kidogo.

Mdogo wangu ananiambia filamu inaendelea vizuri. Wataionyesha Nairobi, wataionyesha Mombasa, na wageni wameiomba huko nje. Namfurahia, kwa kweli, alifanya kazi. Lakini huko kuna kumbi nzuri zenye dari, mvua haisikiki ndani. Watu watakaa kimya wasikie kila neno, na hawatamsikia yeyote kati ya wale wawili.